Sauti Inayosikika Mara Moja

Jumapili, 2 Novemba 2025

Siku ya Marehemu. Wote wamekwenda makaburini na majembe na mishumaa. Mimi nimebaki. Miguu imevimba hadi magotini, viatu haviingii, na kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari. Nimewaombea wafu wangu nikiwa nimeketi — kulala chali siwezi tena, pumzi inakatika. Daktari hasemi kitu. Anasema tu nipumzike. Nilikuwa mwalimu, kisha Directrice wa shule ya wasichana hapa Likasi. Ninaijua sauti ya mtu anayeficha matokeo ya mtihani.

Basi niandike. Si kwa mtu yeyote. Reine hawezi kusoma mwandiko wangu, anasema unafanana na nyuzi zilizokatika. Vizuri.

Jambo lenyewe: ninauza mafunzo ya wanawake kwa simu.

Haya. Limeandikwa.

Mimi ni nachimbusa, kama mama yangu na mama yake. Binti akikaribia kuolewa tunamfungia chumbani, wanawake wachache, ngoma ndogo, chini ya mlango pamezibwa kwa nguo. Tunamfundisha nyumba: kitanda, jiko, ulimi. Hakuna kinachoandikwa. Hakuna kinachotoka. Lakini mabinti wa leo wako Kolwezi, Johannesburg, Brussels. Nani atarudi Likasi kufungiwa chumbani? Wazo ni la mjukuu wangu Reine, mtoto wa marehemu binti yangu. Ana kabine pale kwenye kona — meza, mwavuli wa manjano, anauza unite za kupigia simu na kutoa pesa za simu. Akaniambia, Kaku — ndivyo anavyoniita mimi bibi yake — kuna programu, unasema ndani, mtu anasikia mara moja tu, halafu sauti inajifuta. Ni kama kile chumba chenu. Mlango unajifunga wenyewe.

Nilicheka. Kisha nikasema ndiyo. Upesi mno!

Pesa inalipa dawa zangu, na mabati mapya, na Reine hakopi tena kwa mtu. Lakini nisijidanganye hapa, penye macho yangu peke yangu. Si pesa. Ni kusikilizwa. Tangu nistaafu nani alinisikiliza? Sasa msichana asiyenijua anashika simu kwenye sikio, nchi za mbali, na ananyamaza ninaposema. Nakisikia kile kimya chake. Tamu!

Jumanne, 4 Novemba

Joto. Mvua inazunguka milimani, haishuki. Umeme hakuna tangu asubuhi. Reine ameichaji simu kwa jirani mwenye jenereta.

Tunafanya kazi chumbani kwangu, dirisha limefungwa, blanketi kichwani ili sauti isitoke uani. Mimi na simu na jasho. Reine yuko nje ya blanketi kama mkaguzi.

— Kaku, usikohoe mu odio! Banabibi-harusi batasema tunabauzishia mugonjwa.

— Ni mugonjwa njo unamuuzisha, nikamwambia.

Akacheka mpaka akaketi chini.

Maswali ya leo. Mmoja wa Brussels: je, ni lazima kupiga magoti ninapompa mume maji, hata kama yeye ameketi sakafuni? Nikasema: basi lala kabisa! Kisha nikamwambia kweli, kwamba heshima si urefu wa mtu. Mwingine anatafuta majani ya kuogea na huko aliko hakuna msitu. Nikamwambia maji ya vuguvugu yanatosha, na yalitosha siku zote. Mama yangu angenipiga kofi.

Jina hatuulizi. Ndiyo sheria ya Reine. Mtu anatuma pesa kupitia kabine yoyote, anaandika neno moja tulilomchagulia, tunafungua mlango. Kila jioni Reine anafuta namba zote. Anasema wanatulipia hiyo zaidi ya mafunzo. Waume wanapekua simu. Mama-wakwe wanapekua. Mtu akipata mahali ambapo hakuna anayepekua, anatoa pesa bila kulia.

Mchana akaja Estelle, mkuu wa Mamans Catholiques, chama cha akina mama wa parokia, na sahani ya viazi vitamu. Alishika nafasi yangu nilipougua. Akaketi, akanitazama miguu, akahuzunika kidogo, kisha akainama kama mtu anayetoa peremende.

— Mama Alphonsine, unasikia ile mambo? Kuko mama moja anauzisha mambo ya banamuke mu telefone. Sawa mikate!

Nikauliza ni nani.

— Njo tunamutafuta. Banasema anasema Kiswahili ya livre, ya mu kitabu. Na iko anakohoa.

Hapo hapo nikapatwa na kikohozi. Bwana Yesu! Estelle akanigonga mgongoni, pole, pole, akanipa maji. Sijui kama aliona. Akaondoka akisema huyo mama wakimshika hatazikwa na wimbo wa chama.

Nimekula viazi. Vilikuwa vizuri.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimefanya kazi moja tu, na bado inanizunguka.

Hakuwa bibi-harusi. Ameolewa tayari. Sauti changa, ya hapa hapa kwetu. Niliisikia katika namna anavyoyavuta maneno. Nimeisikiliza mara moja, kama ilivyo, na tayari imefutika. Naiandika kabla haijatoka kichwani.

Alisema: Mama, niko na mimba, mwezi ya munane. Uso inavimba, pete haitoke tena ku kidole. Kichwa inauma usiku na mchana. Na mu macho naona tunyota-tunyota, hata nikifunga. Mama-mkwe anasema mimba ya hivi inatafuta siri, kama siseme mutoto hatatoka, tutakufa wote mbili. Mama, ni kweli?

Halafu, chini kabisa: Kulikuwa muntu. Mara moja. Bwana alikuwa kazini Kolwezi.

Ni jambo tunalofundisha, ndiyo. Nililipokea chumbani, nami nimelitoa chumbani: mimba inayokataa kutulia huenda inamlaumu mmoja wa wazazi. Wazee walisema mmoja wa wazazi, mume au mke. Lakini sijawahi kusikia mume akiulizwa.

Nikashika simu. Nikavuta pumzi. Nikasema kwa ile sauti yangu ya nachimbusa, ya chini, ya polepole:

Mwanangu, usiogope. Mwambie mume wako jina la huyo mtu kabla uchungu haujaanza. Usimwambie mwingine. Ukishasema, mwili utatulia, na hizo nyota zitazimika.

Niliposema nilijisikia mrefu tena. Reine akainua kidole gumba. Yule mwanamke akaandika kwamba amesikiliza. Kisha ikafutika pande zote mbili.

Nilidhani nitalala vizuri.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeketi macho. Pumzi fupi. Mvua imenyesha hatimaye, bati linapiga kelele, nikashukuru kelele.

Nimemwuliza Reine kama yule wa jana ameandika tena. Hapana. Nikamwuliza tena baada ya chakula. Akasema Kaku, weye haukuulizanga mbele.

Kweli. Zamani sikuwa nikiuliza.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepumbaa.

Asubuhi alikuja Cyrille, muuguzi anayepita nyumba za wazee wa parokia. Kijana mnene, mchangamfu, ananiita Mama Directrice kwa sababu niliwafundisha dada zake. Akanifunga mkanda wa presha, akapuliza, akakunja uso. Kisha maswali yake ya kila mara. Anayasema kama mtoto anayesoma sala.

— Kichwa kinauma, Mama Directrice?

Kidogo.

— Uso ulivimba asubuhi?

Si uso, miguu.

— Mu macho, unaona tunyota-tunyota?

Nikamshika mkono. Nikasema, rudia. Akarudia. Nikamwuliza: na kama ni mwanamke mwenye mimba, yote matatu pamoja? Hakufikiri hata kidogo. Akasema huyo haulizwi tena, anapelekwa hopitali siku ile ile. Presha yake inapanda, anaweza kuanguka kifafa, yeye na mtoto. Akaniuliza ni nani. Nikasema nimesikia redioni.

Uongo. Redio yangu haina betri tangu Pasaka!

Alipotoka nilimwita Reine kutoka kabine. Alikuja mbio akidhani nakata roho. Nikamwambia nataka namba ya yule mwanamke, nataka kumwambia aende hopitali leo, leo hii, na aache kutaja jina lolote.

— Kaku. Namba haiko.

Tafuta!

— Natafuta wapi? Minye mwenyewe nilifuta. Njo vile tunafanyaka. Njo kile banatulipa!

Na pesa yake? Ilitumwa kutoka kabine ya sokoni. Wanawake wote wanatuma pale, bila kutaja mtu. Na ile programu je, haina mahali inapoficha vitu vilivyofutwa? Reine akanitazama kwa huruma. Akasema watu wangeacha kuilipia kama ingekuwa napo.

Basi tumefanya kazi yetu vizuri. Tumemficha hata sisi wenyewe hatumwoni.

Na sasa neno linalonichoma, niliandike. Katika kazi yetu kuna sharti: usimfundishe mtu ambaye hujamwona uso. Mama yangu aliniambia siku ya kwanza. Binti anaketi mbele yako, taa inasogezwa, unamtazama uso kabla ya kufungua mdomo. Nilidhani ni kwa ajili ya adabu. Kama yule mwanamke angeketi mbele yangu Jumatano, pete imezama kwenye nyama, kope zimevimba, ningesema nini? Ningeita watu wamletee gari. Nilizaa. Nilizalisha walimu wangu wawili katika ofisi ya shule. Naujua uso kama huo! Lakini niliisikia sauti peke yake. Na sauti inaomba jibu zuri. Nikaitolea jibu zuri.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku nzima tumegombana, mimi na Reine, kwa sauti ya chini kwa sababu ya jirani.

Mimi nimesema: tutoe odio ya wazi. Siyo ile inayojifuta. Ya kawaida, inayobaki, kila mtu amtumie mwenzake. Mamans Catholiques, wanafunzi wangu wa zamani, kwaya, wauzaji wa soko. Katika mji huu habari ya kifo cha mtu inafika mitaa ya Panda na Kikula kabla mtu hajafungwa macho. Itamfikia.

Reine amesema: itamfikia, na itafika kwa bwana yake pia.

Nikasema sitamtaja.

— Utamutaja aje, Kaku, na jina haulijue? Lakini ukisema tunyota, ukisema siri, mama-mkwe wake atajua. Mama-mkwe njo alisema kwanza!

Ana akili huyu mtoto. Akaendelea, na sasa akalia. Amesema sauti yangu mji mzima unaijua, Jumapili jioni hakutakuwa na mtu wa kutuma pesa, na hao waliotuamini wataogopa kwamba nasi tunatoa siri. Kuna mmoja alituambia anatuandikia akiwa chooni kwa sababu ndipo penye komeo. Huyo atakwenda wapi sasa?

Nimesema tu kwamba aliyejifungia komeo pamoja na ugonjwa wake atakufia humo.

Basi tukaanza kuandaa maneno. Ya kwanza tukayatupa. Yalikuwa kama kumnyooshea kidole. Ya pili yalikuwa mazuri: wanawake wote wenye mimba, ukiona uso umevimba, kichwa kinauma, nyota machoni, nenda hopitali leo, usingoje kesho. Tu. Reine akasema hapo hapo, Kaku, kata hapo.

Lakini hiyo haitoshi! Yeye anaamini dawa ni kulitaja jina. Mama-mkwe anamwambia ni siri, nachimbusa amemwambia ni siri. Hopitali ya nini? Lazima nimwondolee lile neno. Nililiweka mimi.

Kwa hiyo nikaongeza: Na kama mtu aliwaambia kwamba ugonjwa huu unatoka kwenye siri za ndoa, alikosea. Ni damu, ni presha, siyo siri. Aliyekosea ni mimi, Alphonsine, Directrice. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha kwa simu.

Reine akashika kichwa. Akaniomba nikate jina langu, akapiga magoti kwenye saruji. Nikamwambia ninakufa, mwanangu, sitaki kufa nimejificha. Nilisema hivyo kwa uzuri sana. Nilipenda jinsi nilivyosema.

Tumetuma wakati wa magharibi. Reine alibonyeza, si mimi. Kisha akatoka bila kunitazama, akaenda kukunja mwavuli wake wa manjano.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika vipande vipande. Mengi mno.

Kabla ya misa ya kwanza mji ulikuwa umenisikia. Jirani anasema dereva wa taksi-basi ameiweka kwenye spika, abiria wanaisikiliza kama mahubiri. Wengine wanacheka namna ninavyokohoa baada ya kusema «Directrice». Watoto wanaopita kwenye ukuta wanaiga: Ni damu, ni presha! Kohu! Kohu!

Estelle alikuja akiwa bado na sare ya chama. Hakuketi.

— Alphonsine! Kumbe ni weye! Na minye nilikugonga ku mugongo!

Nikasema ndiyo.

— Na nyimbo pia uliuzisha? Na ile ya kitanda?

Nikasema wimbo wa kitanda sikuuuza, sauti yangu hairuhusu. Akataka kucheka, akajizuia kwa nguvu, akanyoosha kilemba. Ameniambia chama kitakaa Jumatano kuhusu mazishi yangu — mazishi yangu, na mimi nasikia! Kisha mlangoni akageuka. Mke wa mwanawe ana mimba ya miezi saba na uso umejaa. Wamempeleka hopitali alfajiri. Wamemlaza, wamempa dawa. Hilo alilisema akiitazama fremu ya mlango. Akaenda.

Simu ya Reine haijanyamaza tangu asubuhi. Amerudi kuketi nami. Hatujapatana, lakini ameketi. Wanawake! Mama, ni minye unasema? Mama, minye sioni tunyota lakini miguu. Mama, ni mutoto yangu, iko Kapolowe, nafanya nini? Wengi wameandika kwa ile ile programu inayofuta, baada ya yote! Reine anawajibu wote neno moja: hopitali. Kila odio ameiweka sikioni kwangu. Nimesikiliza kila sauti. Hakuna hata moja iliyo yake.

Padri atakuja alasiri kuniungamisha na kunipaka mafuta. Cyrille ndiye amemwomba, nadhani, baada ya kunipima tena. Nimevaa kitenge safi. Nina mengi ya kusema, nimeyapanga kichwani kama somo.

*

Imekuja odio. Imekuja kutoka simu ya mwanamke, lakini anayesema ni mwanaume. Sauti ya heshima, ya mtu aliyechoka. Tumeisikia mara moja na imekwenda, naiandika yote.

Jambo, Mama Directrice. Samahani kukusumbua na ugonjwa wako. Bibi yangu iko analala hapa, uso umevimba, hawezi kufungua macho muzuri. Jeudi, ile Alhamisi, alianza kuniambia kintu, akalia, akanyamaza. Akasema tu: nachimbusa alisema niseme. Njo nasikia sauti yako mu telefone ya ndugu yangu. Unasema siri, unasema ulikosea. Siri gani, Mama? Mama yangu anasema asitoke mu nyumba kama sijajua bado. Mutuka iko inje. Nitamupeleka. Lakini weye useme kwanza.

Ni yeye. Yuko hai! Jumapili, na bado yuko nyumbani. Kwa sababu ya maneno yangu ya Jumatano na tena ya jana. Lile jina langu. Ile sentensi nzuri. Bila ile, mwanaume angesikia habari ya presha tu, angewasha gari.

Reine hakusema «nilikuambia». Alinishika kidole kidogo tu, kama alipokuwa mtoto.

Nifikirie. Haraka.

Nikimwambia kweli, hatampeleka, au atampeleka na kumwacha mlangoni pa hopitali. Nikisema sijui, hataamini, mkewe amenitaja. Nikinyamaza, mama yake atashinda. Anataka siri. Bila kupewa siri mkononi hatasogea. Basi nimpe.

Nimepata. Nitasema: mke wako alinunua mafunzo yangu bila ruhusa yako, kwa pesa yako ya chakula, alitaka kukupendeza, akaona haya. Nilimwambia akuambie mwenyewe, kwa sababu pesa ni ya nyumba. Hiyo ndiyo siri. Nimekosea kumtisha. Pesa nitairudisha. — Mwanaume anaweza kukasirika kwa jambo kama hilo na bado awashe gari. Anaweza hata kujisikia vizuri.

Reine amesema: vizuri, lakini bibi yake hataisikia. Akiulizwa njiani atajibu kitu kingine. Kweli! Uongo huu ni wa watu wawili, na mmoja hana habari, na kichwa chake kinapasuka.

Tumetuma maandishi kwanza. Reine ameandika: Kaa karibu na bibi yako, weka telefone kati yenu, fungua sauti yote. Mama atasema na ninyi wote wawili, na ni mara moja tu.

Pikipiki uani. Padri amefika. Namsikia akimsalimu jirani, anagonga matope ya viatu. Nimemwambia Reine amwombe angoje sebuleni. Reine amerudi akasema Padri anauliza kama Mama amejiandaa.

Nimejiandaa. Nina neno moja la kusema kabla ya kuungama, na halina ukweli. Nikitoka hapa nitamwambia Padri na hilo. Au nisimwambie. Sijui kama nitalijutia, na dhambi isiyojutiwa haiondolewi, hayo niliwafundisha mwenyewe watoto wa komunyo.

Jibu limekuja: Tuko hapa. Anasikia.

Nimekunywa maji ili nisikohoe. Reine amevuta blanketi juu yetu wote wawili, ameshika simu mbele ya mdomo wangu, kidole chake kiko tayari. Ananiambia, Kaku, weka kalamu